Miaka 25 na Majivu

Kwa miaka 25 niliyokaa na Majivu, alinipiga teke mara moja tu. Lilinipata pajani, mguu wa kushoto, na mpaka leo masika yakiingia pale mahali panauma. Watu wakisikia hivyo hucheka na kuniambia, "Si ndiyo asante ya punda hiyo." Mie sicheki. Teke lile najua lilitoka wapi, na karibu kila nilichokuja kukijua kuhusu mnyama yule kilianzia hapo.

Sie ni watu wa Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, kwenye njia ya kwenda Pangani. Wageni huja kuangalia msikiti wa kale na makaburi yake. Wenyeji tunaishi kwa minazi na bahari. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 1997 ziliikata njia ya kutoka shambani kwetu hadi barabara kuu, ikawa baiskeli haipiti na gari ndiyo kabisa. Nazi zilirundikana chini ya minazi hadi zikaanza kuota. Katikati ya 1998 baba aliuza baiskeli yake, akaongeza pesa ya mbuzi wawili, akaenda mnadani Handeni. Alirudi na fuso mpaka Muheza, na mie nikatumwa nikampokee. Nilimkuta chini ya mwembe ameshika kamba, na mwisho wa kamba amesimama punda jike wa rangi ya jivu, ana mstari mweusi ulioshuka mgongoni na mwingine uliokatiza mabegani. Baba alimfunua mdomo akanionyesha meno. "Miaka mitatu," akasema, "au kazidi kidogo."

Tulitembea siku mbili kurudi nyumbani. Siku ya kwanza alinifuata kwa sababu ya kamba. Siku ya pili, tulipokuwa tumeshapita Pongwe, baba aliichukua ile kamba mkononi mwangu, akaitupia mgongoni mwa punda. "Tembea, wala usigeuke." Nilitembea. Nilikuwa na miaka 17 na shingo ilikuwa ikiniwasha kwa hamu ya kugeuka. Nikasikia kimya. Kisha nikasikia kwato kwenye changarawe, mwanzo mbali, halafu karibu, halafu pumzi ya moto kwenye mkono wangu.

Miaka miwili ya kwanza alibeba kwa shogi, makapu yanayoning'inia pande mbili za mgongo. Mama aliyashona mwenyewe kwa ukili, kila upande zinaingia nazi thelathini na kitu zilizokwisha kufuliwa, na katikati aliweka mito miwili ya magunia iliyojazwa sufi, mmoja huku na mmoja huku, ili uti wa mgongo ubaki wazi bila kuguswa na kitu. Hilo mama alilijua kutoka kwa wazee wake. Mambo yaliharibika tulipotaka maendeleo. Mwaka 2000 njia ilikwanguliwa kidogo, tukaona sasa wakati wa mkokoteni. Fundi wa kuchomelea akatuundia kwa ekseli na magurudumu ya gari bovu, na juu yake akatupa nira ya mti, kama ile ya ng'ombe. Hakuna kati yetu aliyehoji. Ng'ombe ana nundu. Nira ina pa kukaa na yeye anasukuma kwa shingo. Punda pale juu hana kitu, ni ngozi na mfupa. Nguvu zake ziko kifuani.

Kidonda kilianza na ukubwa wa kifuniko cha soda. Nikakipaka oili chafu ya gari kama nilivyoona wengine wakifanya, kazi ikaendelea. Kikawa sahani ya kikombe cha chai. Majivu akaanza kusogea pembeni kila nikimjia na nira. Nikamfunga kamba fupi. Akaanza kulaza masikio, nikamkemea. Akawa anapiga mkia hewani kabla sijamgusa; nikasema huyu kaingia tabia mbaya. Kuna msemo tumeukuta, punda afe mzigo ufike, na nadhani msemo ule umewatia wanyama wengi vidonda kwa sababu tunausema kama sifa. Asubuhi moja tulikuwa tumechelewa, nikamtupia nira shingoni kwa haraka, na mara nikajikuta niko chini kwenye kumbi za nazi nimeshika paja.

Baba alitoka ndani. Hakunitazama mie. Alikwenda moja kwa moja kwa Majivu, akainyanyua nira taratibu, akapatazama pale pahali, akanyamaza muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "miezi miwili huyu anakwambia, weye humsikii. Leo kasema kwa mguu."

Wiki tano hakufanya kazi. Nilimwosha kidonda kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu asubuhi na jioni, na nazi nilizipeleka barabarani kichwani, safari baada ya safari, nikichechemea. Wakati huo bwana mifugo alitufundisha kutengeneza mkanda wa kifua: turubai lililokunjwa mara nne, upana wa kiganja kilichofunguliwa, ndani limeshonewa kikoi kikuukuu ili lisikwaruze. Unapita mbele ya kifua, chini ya koo usije ukamkaba, juu ya kiungo cha bega usije ukamzuia kutembea, na mwingine mwembamba unapita juu ya mabega kuushikilia usishuke. Kamba ya nailoni haigusi ngozi popote. Siku ya kwanza nilipomvisha alisimama, akapiga hatua moja, mkokoteni ukaja. Akasimama tena. Akageuza kichwa akaunusa ule mkanda kifuani mwake. Halafu akaondoka, nami ikabidi nikimbie kumfuata.

Tangu hapo nikaanza kumtazama kwa kweli. Punda anaficha maumivu. Ng'ombe akiumwa analala, mbuzi analia. Punda anasimama vilevile na wewe unasema mzima. Kwa hiyo nilijifunza vitu vidogo: sikio moja linachelewa kugeuka, mdomo wa chini umekaza, anatafuna halafu anasahau kutafuna, ananyanyua mguu mmoja wa nyuma kuupumzisha na habadilishi. Wenzangu waliokuwa na punda walikuwa wakiniuliza nimejuaje kuwa ana jiwe kwenye ukwato kabla hajachechemea. Sikuwa na jibu. Unamjua mtu wako wa nyumbani kaamka vibaya kwa jinsi anavyoweka kikombe mezani. Ni jambo la namna hiyo.

Nikirudi kutoka Mgandini kuuza nazi, mkokoteni nikiwa nimeuacha, nilipanda. Punda huku kwetu hupandwa nyuma, karibu na kiuno chake, si katikati ya mgongo. Tulikuwa tunatoka Tongoni saa nane za usiku ili alfajiri itukute sokoni, na wakati wa kurudi usingizi ulinishika bila huruma. Mara nyingi nililala juu yake nikiwa nimeinama, mikono kwenye manyoya yake magumu ya shingoni, nikaamka amesimama mlangoni kwetu ananingoja nishuke. Sikumbuki kuanguka hata siku moja. Nilipokuwa nikielemea upande, alikuwa anapunguza mwendo na kuegemea upande huohuo, nami nikarudi katikati.

Watoto wa chuo cha Kurani walinizomea njiani kwa aya ya Suratul Luqman, ile inayosema sauti ichukizayo kuliko zote ni sauti ya punda. Siku moja maalimu wao aliwasikia. Akawaita, akawaambia wamsomee An-Nahl, aya ya nane, wakasoma, akawauliza maana yake. Wakasema Mwenyezi Mungu kawataja farasi, nyumbu na punda kwamba ni wa kupandwa, na tena ni pambo. "Pambo," maalimu akarudia, akiwa amemwekea Majivu mkono shingoni. Nilifurahi kuliko vile ninavyoweza kueleza. Hata hiyo sauti yenyewe mie niliipenda. Ilikuwa ikianza kwa kukwaruza kama mlango wenye kutu, ikapanda, kisha ikamalizika kwa miguno mifupi, na ilikuwa yangu. Hakuwa akilia hivyo kwa mtu mwingine akitokea njiani.

Sasa nije kwenye ule ukaidi, maana ndilo jambo watu wanalolijua kuhusu punda na ndilo wanalolikosea kuliko yote.

Kuna mkono mdogo wa bahari unaoingia kwenye mikoko karibu na shamba letu. Maji yakipwa unaweza kuuvuka na kuokoa karibu saa nzima ya kuzunguka. Tulikuwa tumeuvuka mara nyingi sana. Mwaka 2003, siku chache baada ya bamvua kubwa, zile siku bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, tulifika pale jioni, maji yamepwa vizuri, mchanga unaonekana, nyayo za watu wa asubuhi zipo. Majivu alisimama. Alipanua miguu ya mbele, akainamisha kichwa mpaka pua ikakaribia mchanga, masikio yote mawili mbele, akawa kama mti uliopandwa pale. Nikamsukuma. Nikamvuta. Kisha, na hili linanisuta mpaka leo, nikakata ufito wa mkoko nikampiga mara tatu matakoni. Alitikisika ngozi tu. Hakurudi nyuma, hakukimbia, hakunitazama kwa ubaya. Nikasema basi nimwonyeshe kuwa hakuna kitu, nikatangulia. Hatua ya nne mguu ukazama hadi gotini, ya tano nikawa kwenye tope mpaka mapajani, na kila nikijaribu kuchomoa mguu mmoja mwingine unashuka. Bamvua ilikuwa imehamisha mchanga na kuacha tope chini ya ngozi nyembamba ya juu. Nililala kifudifudi nikajivuta kwa mizizi ya mikoko. Nilipotoka nilikuwa mweusi mwili mzima, na yeye alikuwa bado amesimama palepale, miguu vilevile.

Tulizunguka. Usiku ulitukuta njiani na nilikuwa nikimwomba radhi kwa sauti, kama mtu aliyeshikwa na homa.

Farasi akiogopa hukimbia, ndivyo alivyoumbwa. Punda akiogopa husimama kwanza atazame. Asili yake ni nchi kavu zenye mawe za huku huku Afrika, upande wa Ethiopia, Eritrea na Somalia, na watu wa bara letu walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita. Kwenye mawe na majabali mnyama akikurupuka anavunjika mguu, kwa hiyo anapima kabla ya kukanyaga. Sisi tunaliita hilo ubishi kwa sababu tuna haraka. Tangu siku ile Majivu akisimama nami nilisimama. Mara nyingi ilikuwa kitu kidogo tu, mfuko wa plastiki unapepea au kivuli cha nguzo, na nilimpa nafasi akitazame mpaka ashibe, dakika moja au mbili, kisha yeye mwenyewe akaondoka. Sikumpiga tena. Hilo naweza kulisema mbele ya yeyote.

Mwaka 2005 nilimnunulia mwenzake, dume jeusi jeusi, tukamwita Bahati. Punda hapendi kuishi peke yake, na baada ya siku chache za kugombana wakawa hawaachani: wakilala wanalala wakiwa wamegusana, mmoja akifunguliwa mwingine analia. Majivu alibeba mimba miezi 12 na mwaka 2009, katika masika, akazaa jike. Tukamwita Mwamvua.

Bahati alikufa ghafla mwaka 2013 kwa kusokotwa na tumbo, usiku. Nami nilifanya kosa. Nilidhani ni huruma kumwondoa haraka asionekane, nikaita vijana, tukamburura kwa kamba kabla hakujapambazuka, tukamfukia mbali. Majivu alipofunguliwa asubuhi alikwenda mahali pale Bahati alipokuwa akilala. Akanusa. Akalia. Kisha akazunguka shamba lote, mwembeni, kisimani, kwenye banda, barabarani, akirudi pale akilia tena. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu hakula. Bwana mifugo aliponijia alikuwa na wasiwasi wa kweli, akaniambia punda akigoma kula siku kadhaa mafuta ya mwili wake yanamiminika kwenye damu na kuziba ini, na huzuni peke yake inaweza kumuua kwa njia hiyo. Halafu akaniuliza, "Ulimwachia amwone?" Nikasema hapana. Akatikisa kichwa. "Ungemwachia asimame naye. Angejua kuwa keshakufa. Sasa anadhani kapotea."

Nilimlisha kwa mkono siku tisa. Majani mabichi ya muhindi, maganda ya ndizi, pumba niliyoilowesha. Nilikaa chini kwenye mavumbi nikimwekea mdomoni jani mojamoja, na alikuwa akilipokea, nadhani, kwa ajili yangu. Mwamvua alisimama nyuma yake muda wote. Siku ya kumi alikula mwenyewe.

Mengine nitayapita upesi. Aliwahi kuugua nagana, ugonjwa wa mbung'o, baada ya mie kumpeleka kuchungia upande wenye vichaka; fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi, akakonda, akatibiwa akapona. Daktari wa mifugo aliniambia farasi asingevumilia vile, na ndiyo sababu moja pwani yetu haina farasi wengi. Ni yeye aliyenisimulia kwamba ni kituo cha utafiti hapa hapa Tanga kilichozalisha mbung'o madume waliohasiwa kwa mionzi, wakawa wanamwagwa kwa ndege kule Unguja, mpaka kisiwa kikabaki bila mbung'o katika miaka ya 1990. Nilijisikia fahari, ingawa sikuhusika na lolote.

Halafu vikaja vipindi vya ngozi. Walianza kupita watu wakinunua punda bila kujali kama ni mzima au kilema, na punda wakaanza kuibiwa usiku sehemu mbalimbali. Ngozi zao huchemshwa ikatoka gundi inayotengenezewa dawa iitwayo ejiao nchini China. Dalali mmoja alikuja kwangu Majivu akiwa ameshapita miaka ishirini, akaniambia huyu mzee hana faida, akanitajia bei. Pesa yenyewe niliihitaji. Mtoto alikuwa anaanza sekondari. Nilimwambia aende. Akarudi siku ya pili akapandisha bei, na mke wangu ndiye aliyemjibu, si mie. Miezi yote ile nililala nje, kitanda cha kamba mlangoni mwa banda. Serikali yetu ilikuja kuzuia uchinjaji ule, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakasimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote kwa miaka 15. Niliposikia taarifa ile redioni Majivu alikuwa hayupo tena, lakini nilitoka nje nikamwambia Mwamvua.

Kazi nilimwachisha mwaka 2019. Guta na bodaboda zilishachukua mizigo mingi, na magego yake yalikuwa yamekwisha, akawa anasokota majani mdomoni na kuyatema. Nilimkatia majani mafupi, nikamlowekea pumba, nikamchonga kwato. Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi, mvua inamwingia mpaka kwenye ngozi, kwa hiyo nilimwongezea makuti kwenye banda na kumwinulia sakafu. Kila alfajiri nikitoka kutawadha alikuwa ananisikia mlango na kuanza ule mlio wake wa kutu.

Katika masika ya 2023, asubuhi moja sikuusikia. Nilimkuta amelala ubavu. Alijaribu kuinuka mara mbili, mara ya tatu akaacha. Daktari alikuja, akamsikiliza moyo, akamchoma sindano ya kupunguza maumivu, akaniambia nisimsumbue. Nilikaa naye mchana na usiku, kichwa chake kwenye mapaja yangu, upande ule ule wa teke. Alikuwa mzito. Kabla ya adhana ya alfajiri alivuta pumzi ndefu, sikio moja likageuka kunielekea, basi.

Majirani walikuja mapema na kamba, kwa nia njema. Nikawaomba wangoje. Nikamfungua Mwamvua.

Aliingia bandani polepole. Alimnusa mama yake puani, machoni, shingoni, kisha akamsukuma begani kwa pua, mara moja, kama wanavyofanya kuamshana. Akangoja. Akamsukuma tena. Akainua kichwa akalia, mlio mmoja mrefu, akanyamaza, akabaki amesimama juu yake pua ikigusa mstari ule mweusi wa mgongoni. Vijana walikaa nje chini ya makuti bila kuzungumza. Jua likapanda. Kwenye saa nne hivi Mwamvua aligeuka, akatoka bandani mwenyewe, akaenda hadi kwenye mndimu, akainamisha kichwa, akaanza kula majani.

Ndipo nikawaambia vijana walete majembe.